Benga Mfukoni: Kununua Redio ya Kadi na Kuzipanga Nyimbo Zako

Jumapili, soko la Kibuye linapofurika hadi kando ya barabara, utawakuta wauza redio wametandaza bidhaa zao juu ya turubai, kila redio ikipiga wimbo wake kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo wengi wetu Kisumu hununua kifaa cha muziki, na hapo ndipo wengi hukosea. Redio inayowashinda jirani zake kwa kelele ndiyo huonekana bora. Ukifika nayo Manyatta au Nyalenda, ukaiweka juu ya kabati na kuishusha sauti ili mtoto alale, unagundua kwamba gitaa la besi halimo.

Benga bila besi imekatwa mguu. Katika muziki huu besi haikai nyuma ikihesabu hatua. Inajibizana na gitaa la solo, na waimbaji wanaponyamaza na magitaa kuachiwa uwanja, besi ndiyo inayowatoa watu vitini. Kwa hiyo usikubali hata siku moja kununua redio kwa kusikilizishwa wimbo wa muuzaji. Wimbo ule ameuchagua kwa kuwa unaificha aibu ya spika. Nenda na kadi yako.

“Omera, hebu weka hii yangu.”

“Yangu iko na ngoma zote, jaduong'. Wewe sikiza tu.”

“Nimesikia. Sasa weka yangu, halafu shusha sauti.”

Akisita, sogea kwa jirani yake.

Kadi hiyo ya majaribio iwe na vitu vitatu tu, unavyovijua kama njia ya kwenu. Cha kwanza kiwe benga yenye besi nzito. Cha pili kiwe nyatiti, na hapa albamu ya Ayub Ogada ya 1993, En Mana Kuoyo, inafaa sana kwa kuwa ilirekodiwa kwa usafi. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye mbao ya ala huku nyuzi nane zikilia juu yake. Spika nzuri hukutenganishia mambo hayo mawili, chuma kwenye mbao na vidole kwenye nyuzi. Spika mbovu hukupa mlio mmoja kama wa sufuria iliyoanguka. Cha tatu kiwe mazungumzo, hata dakika mbili ulizojirekodi kwa simu. Redio isiyoweza kukuelewesha mtu anasema nini itakuchosha wakati wa taarifa ya habari, na itakutesa zaidi siku Gor Mahia inacheza.

Baada ya masikio, jiulize utaisikilizia wapi. Kifaa cha mtu anayekaa dukani siku nzima penye umeme si kifaa cha mtu anayelala ziwani.

Nianze na wa ziwani, maana ndiye anayeteseka zaidi akichagua vibaya. Wavuvi wa omena hutoka usiku, hasa usiku wa giza usio na mbalamwezi, kwa sababu taa ndiyo inayomvuta samaki na mwezi huishinda taa. Ni saa nyingi za kungoja. Kuanzia Dunga mpaka Usenge, na ng'ambo ya ghuba hadi Mbita na Mfangano, kile kiredio kidogo chenye tundu la memori kadi na la flashi ndicho mwenza wa usiku huo. Kinashika Ramogi FM mkiwa karibu na nchi kavu, na mawimbi yakipotea unabonyeza kitufe kimoja kadi inaingia kazini. Kwa kazi hii sitakushauri simu ya bei ghali, wala spika ya Bluetooth inayotegemea simu hiyo. Vifaa viwili viwe vimechajiwa ndipo upate wimbo mmoja?

Ukikishika kiredio hicho, kigeuze mgongo ufungue mlango wa betri kabla hujauliza bei. Unatafuta betri bapa ya aina ya BL-5C, ile ile iliyotumika katika Nokia 1100 tuliyoiita mulika mwizi. Nokia hiyo ilitoka 2003, na miaka zaidi ya ishirini baadaye betri yake bado inauzwa kila kibanda cha simu kuanzia Kondele hadi Sori. Redio inayoitumia haifi kwa sababu ya betri. Unanunua mbili, moja redioni na nyingine mfukoni. Redio ambayo betri yake imeunganishwa kwa waya ndani, bila mlango, iache pale pale, hata ikiwa na taa za rangi zinazocheza. Na betri yenyewe ilaze juu ya meza iliyo sawa uizungushe kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba tumboni, mrudishie mwenyewe.

Kingine ni tundu la kuchajia. Likilegea, redio imekwisha. Chomeka chaja ukiwa pale pale sokoni, uitikise kidogo, uone kama taa ya chaji inakatika.

Dhidi ya maji, usihangaike kutafuta redio ya gharama inayojigamba kwamba haiingizi maji. Mkebe wa Kasuku wenye kifuniko chake unatosha. Redio inakaa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mkebe, mkebe chini ya ubao wa kukalia. Wakati wa kusikiliza unafungua kifuniko na mkebe wenyewe unakuza sauti kidogo. Redio ikitumbukia, toa betri na kadi mara moja, kisha ikaushe kivulini siku mbili kabla ya kuiwasha. Wanaoiwasha “kuona kama ingali hai” ndio huiua.

Mwenye bodaboda, mama wa kibanda cha samaki na fundi wa karakana wanaweza kutumia kiredio hicho hicho, au simu ya kabambe yenye tundu la kadi. Kabambe ina sifa kubwa moja: chaji inakaa siku kadhaa. Ubaya wake ni kioo kidogo kinachoonyesha herufi chache za mwanzo wa jina la wimbo. Folda yenye nyimbo arobaini zinazoanza na neno “Orchestra” itakuonyesha “Orchestra” arobaini. Nitalirudia jambo hili tukifika kwenye majina.

Simu janja ndiyo kifaa cha muziki cha watu wengi mjini, na sina neno nayo, ila kagua mambo mawili kabla ya kununua: kama ina tundu la kadi, na kama ina tundu la spika za masikioni. Simu nyingi mpya zimeyaondoa yote mawili. Kama muziki ni jambo kubwa kwako, simu ya mwaka juzi yenye matundu yote ni bora kuliko ya mwaka huu isiyo nayo.

Halafu kuna vifaa vilivyoundwa kwa muziki peke yake, kama Walkman za kisasa za Sony, SanDisk Clip ndogo ya kubana kwenye shati, au FiiO za watu wenye masikio makali. Ni vifaa vizuri. Sauti yake ni safi, na havikatizwi na simu ya mdai katikati ya wimbo. Lakini swali la kumuuliza muuzaji, au ndugu anayekuletea kutoka ng'ambo, ni hili: nikikichomeka kwenye kompyuta, kitafunguka kama flashi? Maana yake, je, naweza kuburuta folda yangu na kuiangusha humo, na kuitoa tena nikitaka? Jibu likiwa ndiyo, chukua. Jibu likiwa “lazima uweke programu yake kwanza”, fikiria mara mbili. Binamu yangu aliletewa kimoja cha namna hiyo. Kampuni sitaitaja. Kilifungamana na kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ilipoungua kwa umeme uliorudi kwa fujo baada ya kupotea, alichomeka kifaa kwenye nyingine. Kikamuuliza kama akubali kufuta vyote vilivyomo ndipo kiendelee. Alidhani ni swali la kawaida, akabonyeza ndiyo. Miaka minne ya nyimbo za ohangla ikaenda hivyo.

Kwa wufa ya sebuleni sina mengi: sikiliza besi kwa sauti ya chini, hakikisha inasoma flashi na kadi, na uangalie kama inakumbuka ilipoishia umeme ukikatika. Ile isiyokumbuka itakuchezea wimbo nambari moja kila stima ikirudi, na Kisumu unaijua.

Sasa kadi, na hapa nakuomba utulie. Redio ya bei ndogo haidhuru ikifa. Kadi ikifa inakwenda na kila kitu. Vifaa vingi vya bei nafuu husoma kadi zisizozidi GB 32, zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32. Kadi ya GB 64 au 128 huja na mfumo mwingine, exFAT, ambao kiredio hakiujui, ukadhani kadi ni mbovu. Lakini sababu kubwa ya kubaki kwenye GB 32 ni kwamba nafasi zaidi haihitajiki. Fanya hesabu. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 1 kwa dakika. Wa kilobiti 192, MB 1.4, wa 320, MB 2.4. Benga ya dakika 8 kwa kilobiti 192 ni kama MB 11 na nusu. Kadi moja ya GB 32 inabeba nyimbo za namna hiyo zaidi ya 2,700. Ukisikiliza saa nne kila siku, utachukua miezi mitatu kurudi mwanzo.

Mwaka juzi nilinunua kadi iliyoandikwa GB 128 kutoka kwa kijana mmoja stendi ya mabasi, kwa bei iliyonifurahisha mno. Bei ya kufurahisha ndiyo dalili ya kwanza. Kompyuta ilionyesha 128 kweli. Nikaijaza. Nyimbo za mwanzo zikacheza vizuri, zile za baadaye zikawa majina matupu: jina lipo, ukibonyeza kimya. Ndani ilikuwa kadi ya GB 8 iliyofundishwa kusema uongo. Dawa ni programu ndogo ya bure iitwayo H2testw kwa wenye Windows, au F3 kwa wenye Linux na Mac. Inaijaza kadi mpaka ukingoni, kisha inakisoma ilichoandika na kukuambia nafasi ya kweli ni kiasi gani. Inaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku. Ifanye siku ile ile uliyonunua, ungali unamkumbuka aliyekuuzia.

Kuhusu aina ya faili, usibabaishwe na majina. MP3 inachezwa na kila kitu chenye spika. Hataza zake zilikwisha, na wenyewe Ujerumani wakafunga biashara ya leseni mwaka 2017, lakini muundo haujafa na hautakufa karibuni. FLAC haipotezi chochote cha sauti, na faili yake ni kubwa. Hiyo ni ya kuhifadhi nyumbani. M4A na OGG hukataliwa na viredio vingi vya Kibuye. Kwa kadi ya kutembea nayo, MP3 ya kilobiti 192 inatosha kabisa. Chini ya 96, fidla ya orutu huanza kutoa mchakacho kama wa mchanga na kayamba hugeuka mvuke. Na kijana akikuambia anaweza kuuinua wimbo wa 64 uwe 320, anachokuza ni ukubwa wa faili tu; sauti iliyotupwa hairudi.

Sasa tufike palipo na kazi yenyewe. Kifaa utanunua kingine, lakini muziki wa mwambao huu hauko wote mawinguni. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, Boomplay na Mdundo zilikuwepo kabla yake, na zote zina mengi. Hata hivyo, zimejaa zaidi kwa wasanii wa sasa, na wimbo uliohifadhi ndani ya programu ya kulipia hufungwa siku unapoacha kulipa. Mkusanyiko wa mtu wa Nyanza mara nyingi umetoka katika vyombo vitatu. Katika wanamuziki wetu, D.O. Misiani wa Shirati Jazz ni wa santuri. Okatch Biggy ni wa kanda. Musa Juma ni wa sidii. Kila chombo kimeleta fujo yake, nawe ndiwe wa kuipanga.

Fujo ya santuri ni pande mbili. Sahani ndogo ya 45 haikuweza kubeba benga nzima upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Aliyeuhamisha kwenye kompyuta mara nyingi amekuachia faili mbili zenye jina moja, na kadi ikichezwa bila mpangilio unaanza na magitaa ya mwisho bila kujua mtu alikuwa analia nini. Ziandike “sehemu 1” na “sehemu 2”, au ziunganishe kwa Audacity, programu ya bure. Ukiunganisha, usiifute ile pumzi ya kimya katikati. Pale ndipo mtu aliinuka kugeuza sahani.

Fujo ya pili ni majina. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006, utamkuta kama D.O. Misiani, Owino Misiani, Shirati Jazz, D.O. 7 na mchanganyiko wa hayo yote. Kwa kompyuta hao ni watu wanne. Chagua jina moja la mtu na ulishikilie. Bendi iandike katika sehemu yake. Hatari ya kinyume ipo pia: Ochieng' Kabaselleh wetu na Joseph Kabasele wa Kongo, yule Grand Kallé wa African Jazz. Ukiandika “Kabasele” tu, utawaweka kitanda kimoja watu wawili ambao hawakuwa bendi moja kamwe.

Programu ya kufanyia kazi hii ni Mp3tag. Ni nyepesi, inaendeshwa hata na laptopu ya zamani, na inakuruhusu kuchagua nyimbo hamsini na kusahihisha jina la msanii mara moja. Ziko sehemu za msanii, albamu, mwaka, aina na maelezo. Katika aina, usikubali lile neno la jumla la wazungu linalomaanisha “muziki wa huko kwao”. Andika benga, ohangla, nyatiti, orutu, dodo, rumba, injili. Sehemu ya maelezo ndiyo ninayoipenda kupita zote, na nitakuambia sababu mwishoni.

Kuna programu nyingine, MusicBrainz Picard, inayosikiliza wimbo na kuutafuta katika hazina kubwa iliyojazwa na watu wa kujitolea. Kwa rumba ya Franco wa Kongo itakufurahisha. Kwa benga ya kijijini isiyowahi kuingizwa huko itakaa kimya, au itakupa jawabu la kubahatisha. Usiiruhusu kuandika kitu bila wewe kuona.

Za kusikilizia na kutunza maktaba nzima kwenye kompyuta, MusicBee na foobar2000 ni za bure kwa Windows. Mwenye Linux achukue Strawberry. Nikilazimishwa kuchagua moja nitasema foobar2000, ingawa sura yake ni kavu kama fomu ya chifu. Haipepesi macho ukiipa nyimbo elfu kumi. Kwenye simu, Musicolet inacheza yaliyomo ndani ya simu tu, haihitaji intaneti hata kidogo, kwa hiyo hailambi bando lako kimya kimya. VLC nayo inacheza karibu kila aina ya faili.

Jambo moja kuhusu viredio vidogo linawachanganya wengi. Havifuati alfabeti. Vingi vinafuata mpangilio ambao faili ziliingia kwenye kadi. Ukinakili leo nusu ya folda na kesho nusu nyingine, vitacheza hivyo hivyo milele. Kwa hiyo panga kila kitu kwenye kompyuta kwanza, tanguliza nambari 01, 02, 03 kwenye majina, futa kadi yote, kisha nakili folda moja baada ya nyingine kwa utaratibu unaoutaka. Na jina la faili lianze na kile kinachoutofautisha wimbo: “01 Misiani”, si “Orchestra D.O. Misiani na Shirati Jazz 01”. Mwenye kabambe atakushukuru.

Kama kuna sanduku la kanda chini ya kitanda kwenu, usizitupe, na usimpe mtu “azibadilishe” halafu zisirudi. Kazi unaiweza. Unahitaji deki inayofanya kazi, waya wa spika wenye vichwa viwili vya milimita 3.5, na kompyuta yenye Audacity. Laptopu nyingi siku hizi zina tundu moja tu, tena la maikrofoni na spika za masikioni kwa pamoja, halifai. Nunua kile kijiti cha USB chenye tundu la kuingiza sauti. Kabla ya yote, loweka pamba kwa spirit usugue kichwa cha deki. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, vumbi la kanda za miaka yote. Rudia mpaka itoke nyeupe. Kama utepe umelegea, ukaze kwa penseli kama zamani. Kisha uipeleke kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma bila kuicheza, ili ijinyooshe.

Weka Audacity kwenye 44,100 Hz. Angalia ile mistari inayorukaruka: isigonge ukuta wa kulia hata mara moja, acha nafasi. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye, sauti iliyopasuka haiponi. Kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, nusu saa kila upande. Kaa karibu nayo huku ukifanya kazi nyingine, ukichambua mboga au ukisahihisha madaftari. Ikiisha, hifadhi upande mzima kama FLAC kabla hujakata chochote, ndipo uugawe kuwa nyimbo na kutoa MP3. Usiwe na haraka ya kuondoa mchakacho wa utepe. Programu za kusafisha hula mchakacho pamoja na kayamba, ukabaki na benga iliyofunikwa blanketi.

Kila kitu kikae mahali pawili. Kompyuta na diski ya nje, au flashi mbili, moja Kisumu na nyingine kwa dada yako Homa Bay. Kadi iliyo ndani ya redio haihesabiwi. Hiyo ni ya kuliwa na ziwa.

Na maduka ya muvi yanayokujazia nyimbo 500 kwenye flashi kwa bei ya chai na mandazi? Wengi tumepita huko. Lakini fahamu sheria ilivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi inalindwa miaka 50 tangu ilipofanywa, na utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada yake. Tungo za Misiani basi ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2056. Kunakili kanda yako mwenyewe ukaisikiliza chumbani ni jambo moja, kuiuza mlangoni ni jingine. Msanii aliye hai mtafute. Wengi wana nambari ya M-Pesa kwenye bango la shoo yao, na wengi watakutumia faili safi kuliko ya duka lolote.

Nilisema nitarudi kwenye sehemu ya maelezo. Benga na ohangla zimejaa majina ya watu. Mwimbaji humtaja mwalimu wa Asembo, tajiri wa matatu, binti wa Alego, mtu aliyelipia bia usiku wa kurekodi, kila mmoja na pakruok yake, yaani sifa zake za majigambo. Hakuna programu duniani inayowajua. Wanaowajua ni wazee wetu, na wanaondoka. Kwa hiyo kadi yako ya kwanza ikishakuwa tayari, nenda nayo nyumbani, kaa na mama au baba mkubwa chini ya mti, mchezee wimbo mmoja, mwulize huyu aliyetajwa hapa ni nani. Jibu liandike ndani ya faili siku hiyo hiyo. Kama hujanunua redio bado, azima ya jirani.